Vidomo Vizito vya Mwalimu wa Tarumbeta

Kwetu Machame, kwa miaka kadhaa, mpiga tarumbeta alikuwa mtu asiyeitikia salamu. Ukimsalimia njiani asubuhi alikuitikia "mmh" kwa pua, akainua mkono, akapita. Wageni walidhani ni majivuno. Wengine walidhani ni jino, kwa sababu shavu lake moja lilikuwa limevimba kama la mtu aliyetoka kung'olewa. Sisi wenyeji tulijua kuwa ndani ya lile shavu kuna kidomo, yaani kile kipande kidogo cha tarumbeta ambacho mpigaji hukiwekea midomo anapopuliza. Mkia wa kidomo ulichungulia pembeni mwa mdomo, kama mtu anayevuta kiko kilichogeuzwa.

Amri hiyo ilitoka kwa Mwalimu wa Tarumbeta. Asubuhi za kwetu mlimani ni za baridi, na chuma cha baridi, alisema, hutoa sauti ya mafua. Kwa hiyo kila mpigaji alitakiwa kutoka nyumbani kwake akiwa amekitia kidomo mdomoni, kifike kanisani kikiwa na joto la mwili.

"Kidomo baridi ni uongo," alisema. Alilisema hilo kila siku ya mazoezi, na mara moja alilisema kwenye msiba, mbele ya jeneza, na hakuna aliyejua kama anamsema marehemu.

Mambo ya ukoo wake wapo wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nilimjua kama jirani. Kihamba chake na chetu, yaani mashamba yetu ya nyumbani, vimetenganishwa na mfereji tu, na migomba yake ilikuwa inatuinamia kana kwamba inataka kusikia tunaongea nini. Ninamwandika kwa sababu wifi yangu Ndeshi nusura apoteze nyumba yake kwa ajili ya vile vidomo, na kwa sababu tangu hapo watu wanamsimulia Mwalimu vibaya, wakimfanya mchawi au mjinga. Hakuwa mchawi. Ujinga alikuwa nao kidogo, kama sisi wote.

Alikuwa mrefu, mwenye koti la kijivu ambalo halikuvuliwa hata jua likiwaka. Kidevu chake kilikuwa laini kama yai. Zamani, Mama alisema, alikuwa na ndevu za kutisha watoto, lakini zilipungua, zikaisha. Yeye mwenyewe alilifurahia jambo hilo.

"Bwana ameona nina kazi nyingi," alisema, "akanipunguzia hii ya kunyoa."

Alichukia kinanda cha umeme. Alichukia gitaa zaidi, kwa sababu mpiga gitaa anaweza kupiga huku anatafuna. Alipenda ng'ombe. Aliamini kwamba ng'ombe hushusha maziwa vizuri akisikia sauti ya nne ya wimbo, ile ya chini kabisa, na mara nyingine nikiwa nakamua alikuja ng'ambo ya mfereji akasimama na tarumbeta lake kubwa, akapuliza pole pole. Ng'ombe wetu aliacha kucheua, akamtazama. Maziwa hayakuongezeka wala hayakupungua. Mwalimu alihesabu hilo kuwa ushindi.

"Umeona? Hayakupungua," aliniambia.

Mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Niliitikia.

Kuhusu afya alikuwa mkali kuliko wauguzi. Mpigaji wake hakuruhusiwa mbege, pombe yetu ya ndizi, hakuruhusiwa pilipili, hakuruhusiwa kutafuna muwa, wala kunywa maji ya mfereji kabla hayajachemshwa. Alisema anaweza kuisikia mbege ndani ya noti, na kweli aliwahi kumsimamisha mzee mmoja katikati ya wimbo wa Pasaka akamwambia, "Wewe umepita mahali." Mzee alikuwa amepita mahali. "Mdomo ni mlango wa kanisa," Mwalimu aliwaambia. "Hamwezi kupitisha takataka mlangoni halafu mkaita watu waingie."

Sasa sikiliza vile vidomo vilitoka wapi.

Matarumbeta ya usharika wetu ni ya zamani sana. Yameletwa na wageni ambao hata wazee hawawakumbuki. Mabomba yenyewe ni imara, yakibonyea yananyooshwa. Kinachopotea ni vidomo. Kimoja kilitumbukia chooni. Kimoja kilikwenda Arusha katika mfuko wa bwana harusi. Kimoja kilimezwa na ndama, tukangoja siku nyingi tukichunguza zizi, na ndama akauzwa bado anacho. Ikafika mahali wapigaji wakawa wengi kuliko vidomo, wakawa wanapokezana katikati ya wimbo, huyu anapuliza mstari wa kwanza, anafuta kwa leso, anampa mwenzake mstari wa pili.

Mwalimu aliona aibu. Akaanza kushuka Moshi mjini, mpaka Njoro, kwenye gereji, akawaomba mafundi betri za magari zilizokufa. Alirudi nazo ndani ya kikapu, kazifunika kwa ndizi. Nyuma ya jiko lake alizipasua kwa shoka, akatoa ile risasi ya ndani, yale madini laini ya kijivu ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha yanang'aa. Aliyayeyusha kwenye sufuria juu ya mafiga, moshi ukimzunguka kichwani, akamimina kwenye tundu la udongo alilolitengeneza kwa kukandamiza kidomo kimoja cha zamani cha shaba. Yalipopoa, akapasua udongo, akakichonga kidomo kipya kwa kisu.

Kilitoka kizito. Na hapo ndipo akili yake iliponaswa. Alikipima mkononi kidomo cha shaba, akakipima cha risasi, akatabasamu.

"Sauti nzito hutoka kwenye kitu kizito," alisema. "Kwa nini hawa wageni hawakutuambia?"

Aliwatengenezea wapigaji wote. Hata waliokuwa na vya shaba waliomba vya risasi, maana aliyekuwa na cha shaba alionekana hajakomaa. Kila kidomo kipya alikionja kwa ulimi kabla hajakitoa. Akikuta kina ladha kali alikirudisha motoni. Akikuta kina utamu, alikipitisha.

Siku moja nilipompelekea maziwa alininyooshea kimoja. "Onja, binti. Ni kitamu. Kama asali iliyosimuliwa."

Nilikataa kwa aibu tu, si kwa akili.

Baada ya miaka kadhaa ya vidomo vile, watu walianza kuona kuwa wapiga tarumbeta wamebadilika. Walikuwa wametulia. Waliokuwa wagomvi hawakugombana. Mmoja aliyekuwa akijulikana kwa kumfukuza mkewe mpaka kwenye lami, sasa alikuwa anakaa mlangoni, kaegemea mkono, anatazama migomba. Ukimuuliza ana nini, anasema hana kitu. Walilala mapema. Kwenye harusi hawakucheza. Wanawake walianza kuwaonea gere wake za wapiga tarumbeta, mchungaji naye akalitaja jambo hilo kwenye mahubiri kama tunda la Roho, na Mwalimu akasimama katikati ya ibada akainama kidogo, kama aliyepigiwa makofi.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini tunda hilo lilikuwa halina mbegu. Jumapili za ubatizo kikundi kilipuliza vizuri mno kwa ajili ya watoto wa wakulima, watoto wa madereva, watoto wa wapagazi wa mlimani. Watoto wa wapiga tarumbeta hawakuletwa. Mwalimu alipoulizwa, alisema pumzi ya mtu ni moja, akiitumia huku haitoki kule. Watu walikubali. Ilisikika kama kitu kilichoandikwa mahali.

Kaka yangu Eliamani alipiga besi, lile tarumbeta kubwa linalopigwa mtu akiwa amekaa. Kidomo chake ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Alimwoa Ndeshi, binti wa Mwika, mtu wa kucheka, aliyeingia nyumbani kwetu na siku ya kwanza akamwambia Mama kwamba mtori wake, ule uji wa ndizi na nyama, umepungua chumvi. Mama hakumsamehe, lakini aliongeza chumvi.

Muda ukapita, na mtoto hakuja. Mama hakusema moja kwa moja. Alisema na mbuzi.

"Wewe juzi tu umeletwa na tayari una mapacha," alimwambia mbuzi, kwa sauti ya kufika jikoni. "Na majani unayokula ni haya haya."

"Mama," Ndeshi alijibu kutoka jikoni, "mbuzi hana mume anayelala saa moja."

Mimi niliinama nikaendelea kukata majani.

Ndipo Mama alipokwenda kwa Mwalimu wa Tarumbeta kuomba maombi. Mwalimu alilichukua jambo hilo kwa moyo wote. Kwanza alileta kikundi kizima alfajiri chini ya dirisha la Eliamani, wakapuliza tenzi za mavuno mpaka kuku wakatoka bandani. Kisha alimkabidhi Eliamani kidomo kipya, kizito kuliko cha zamani, akakiita kidomo cha ndoa.

"Unakaa nacho," alimwambia. "Shambani unakaa nacho. Ukipalilia kahawa, ukibeba ndizi, unakaa nacho. Mdomo ukipata nguvu, mwili wote unafuata. Utakuja kunishukuru."

"Aika, Mwalimu," Eliamani alishukuru. Hilo lilikuwa karibu neno lake la mwisho kwa msimu mzima. Kuanzia hapo alikuwa na kidomo shavuni tangu kuamka hadi kulala, akikitoa kula tu.

Ndeshi alikwenda peke yake hospitalini mjini Moshi kupimwa. Alirudi akasema yeye hana tatizo, na kwamba daktari anataka kumwona mume. Tulikuwa tumekaa jikoni, wote wanne.

Mama aliweka mwiko chini. "Mwanangu amekosa nini? Unamsikia anavyopuliza? Yule ana mapafu ya ng'ombe dume."

"Hawapimi mapafu, Mama."

"Basi wanapima nini?"

Ndeshi hakulijibu hilo mbele yangu. Alimgeukia kaka. "Eliamani, sema neno. Utakwenda au huendi?"

Eliamani alimtazama mkewe, akamtazama Mama. "Mmh," alisema.

"Mmh ndiyo, au mmh hapana?"

"Mmh."

Angeweza kukitoa. Ni jambo la kuweka kidole mdomoni. Lakini alikaa vile vile, mkia wa kidomo ukichungulia, macho yamelegea. Mama akasema labda ingefaa Ndeshi akapumzike kwao kidogo, mpaka mambo yatakapoeleweka. Wote tulijua kupumzika huko maana yake nini. Mama alikuwa ameshaanza kumsifu binti mmoja wa mwinjilisti. Ndeshi alifunga nguo zake, akaniachia vitenge viwili, akaenda Mwika.

Eliamani alilia, lakini bila sauti, kwa sababu ya kidomo.

Baada ya hapo ndipo mwili wake ulipokataa. Tumbo lilimsokota mpaka akawa anatembea amejikunja. Halafu mkono wa kulia ukaanza kulegea kifundoni. Alinyanyua panga kukata mkungu, na panga likaning'inia kama jani. Mama aliogopa, akaniambia nimpeleke Moshi.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani. Alimuuliza Eliamani anafanya kazi gani.

"Mmhm na mmh," alisema kaka.

"Ni kahawa na ng'ombe," nilimsaidia. "Na anapiga tarumbeta."

Daktari alivua miwani. "Kaka, una nini mdomoni?"

Eliamani akaingiza vidole, akakitoa, akakiweka mezani juu ya karatasi za daktari. Kilitoa mlio mzito, *du*, kikatulia, kinang'aa mate. Daktari alikitazama. Akakisukuma kwa kalamu. Hakikusogea kirahisi.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha ndoa," alisema kaka yangu, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia vizuri tangu Ndeshi aondoke.

Daktari alimwambia afunue midomo, akatuonyesha mstari wa rangi ya samawati iliyokolea kwenye ufizi, kando ya meno. Aliuliza kidomo kimetengenezwa na nini, na nilipomwambia betri, alikwenda kunawa mikono. Kisha alieleza, na alieleza vizuri, ila mimi nilikuwa nimeelekeza macho kwenye kalenda ya ukutani iliyokuwa na picha ya ng'ombe, kwa sababu alitaja sehemu za mwili za kaka yangu kwa majina yake.

Alisema risasi haina kazi hata moja nzuri ndani ya mtu. Ikiingia kwa mdomo au kwa moshi inakaa kwenye damu, kisha inajificha kwenye mifupa. Inasokota tumbo, inalegeza mikono. Tena inaharibu homoni. Homoni, alisema, ni kama watu wanaotumwa na ubongo kupeleka maagizo sehemu nyingine za mwili. Kwa mwanaume ubongo hutuma maagizo kwenye korodani ili zitengeneze homoni ya kiume na mbegu. Risasi inakaa njiani inawazuia wale waliotumwa, na huko wanakokwenda nako inaharibu. Homoni ya kiume ikishuka mtu anachoka, hamu inaisha, anakuwa mnyonge, hata ndevu zinaweza kupungua.

"Sisi tulidhani ni upole," nilisema. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Upole hausokoti tumbo, mdogo wangu."

Damu ilichukuliwa, nyingine ikapelekwa Dar. Majibu yalipokuja yalikuwa kama alivyodhani: risasi juu, homoni ya kiume chini, mbegu chache na zile zilizopo zimechoka. Daktari alisema hawezi kuapa kwamba ni risasi peke yake, na hawezi kuahidi kwamba kila kitu kitarudi. Lakini wengi wakiacha, miili yao hujirudisha pole pole. Aliagiza kikundi kizima kije kupimwa.

Kwa hiyo mimi, ambaye sijawahi kumpinga mtu mzima, ndiye niliyevuka mfereji kwenda kumweleza Mwalimu.

Nilimkuta anachonga kidomo. Alinisikiliza bila kuacha kisu.

"Huyo daktari wako anapiga chombo gani?"

"Hapigi chombo, Mwalimu."

"Basi anajuaje mambo ya vidomo?"

"Hajui vidomo. Anajua risasi."

"Mimi nimeilamba risasi miaka yote hii. Nitazame."

Nilimtazama, nikafika kwenye kile kidevu cha yai, nikashusha macho. Akaacha kuchonga.

"Mkono wa Eliamani," aliuliza baadaye, "umelegea hivi?" Akanyoosha mkono wake wa kulia mbele, na kiganja kikaanguka kama leso. Nilielewa kwa nini siku hizi alikuwa anachonga kwa mkono wa kushoto. Alikuwa ameficha muda mrefu, akidhani ni uzee, au adhabu ya noti alizozikosea ujanani.

"Hivyo hivyo," nilisema.

Alikiweka kidomo chini. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Ndeshi amekaa Mwika muda gani?"

Kikundi kilipopimwa, hakuna aliyekuwa salama, na Mwalimu aliongoza kwa wingi wa risasi. Daktari alitaka alazwe siku ile ile. Yeye alikubali, lakini aliuliza mara mbili kama ni kweli hakuna aliyemzidi, na nilimwona akijaribu kuonyesha huzuni na akishindwa kidogo.

Alipotoka alikusanya vidomo vyote. Alitaka vizikwe makaburini kwa ibada na nyimbo, kila kimoja kwa jina la mpigaji wake. Hospitali ilikataa. Waliotumwa kuja kumshauri walisema ukizika risasi itaingia kwenye udongo, kutoka udongo kwenye mfereji na mboga. Vidomo vikatiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na hata majivu na udongo wa nyuma ya jiko lake ukachotwa. Basi Mwalimu akapanga maandamano ya kuisindikiza ndoo mpaka kwenye gari. Wapigaji walibeba matarumbeta yasiyo na vidomo, na kwa kuwa hawakuwa na cha kupulizia, waliimba sauti za matarumbeta kwa midomo: po-po-po upande wa juu, bo-bo-bo upande wa chini. Watu walitoka kwenye migomba kutazama. Wengine walivua kofia. Mwalimu alitembea nyuma ya ndoo, akirekebisha: "Bo, si mbo! Bo!"

Wiki ile ile aliniomba nimpeleke Mwika. Alikuwa amekata jani la isale, lile jani refu tunalolipanda mipakani, ambalo ukipelekewa na mtu aliyekukosea inakuwa vigumu sana kumnyima msamaha. Mama alisema vizuri, Mwalimu aende, yeye ana kazi ya kahawa.

Ndeshi alikuwa uani anamenya ndizi za kiburu, zile za kupika na maharage. Mwalimu alisimama mbele yake na koti lake la kijivu, akalishika isale kwa mikono miwili, kwa sababu mmoja haukutosha.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai mpaka nimesema. Ni mimi niliyekufungia nyumba yako. Niliifungia mdomoni mwa mume wako. Nilidhani ninaitengeneza."

Ndeshi alifuta mikono. Alinitazama, nikamweleza yote, ya daktari na ya homoni na ya kidomo kilivyoanguka mezani. Nilipofika hapo pa "cha ndoa" alijaribu kutocheka, akashindwa, kisha machozi yakatoka, akawa anafanya yote mawili.

"Mwalimu, wewe hukunifukuza," alisema. "Isale lako nalipokea. La mama mkwe sijaliona. Na mume wangu nataka kumsikia akiongea."

"Ataongea. Sasa hana kitu mdomoni."

"Basi wewe nipigie kitu kabla hujaondoka."

"Sina kidomo, mwanangu."

"Una mdomo."

Mwalimu alifikiri. Akajinyoosha, akakaza midomo, akapuliza midomo mitupu, *brrr*, wimbo mzima wa mavuno, sauti ya nne yote mpaka amina, mate yakiruka juani. Watoto wa jirani walikuja wakaanguka kwa kicheko. Yeye alifika mwisho bila kuruka noti.

Mama alikwenda Jumapili iliyofuata, mimi na Eliamani tukimsindikiza. Alivaa nguo za Meza ya Bwana, akashika isale kama mtu aliyeshika nyoka, na njia nzima hakusema neno. Ungedhani naye ana kidomo shavuni. Alipofika alilinyoosha, akasema, "Ni mimi," akanyamaza. Eliamani ndiye aliyeongea. Aliongea muda mrefu mpaka baba yake Ndeshi akamwomba apumzike. Ndeshi alirudi, kwa sharti moja: mtori aupike yeye.

Baada ya hapo tulingoja. Kungoja huko hakukuwa na la kuchekesha. Eliamani alirudi kupimwa mara kwa mara, mkono ukaanza kunyanyuka, kisha ukashika panga. Alianza kugombana tena na watu kuhusu maji ya mfereji, na Ndeshi alifurahi kila mara alipomsikia anapiga kelele. Lakini mwezi ulipita na mwezi ukapita. Mama alimtazama mbuzi, akafungua mdomo, akaufunga.

Mwalimu alianza kuepuka kwetu. Hakuja tena kwa ng'ombe. Vidomo vya shaba vilikuwa vimepatikana kwa wageni wa usharika, akawa anawafundisha wapigaji kuvipasha joto kwapani. Alisema si sawa, lakini si uongo. Nilimwona ng'ambo ya mfereji akikaa juani, kidomo kwapani, kama mtu anayepima homa. Akituona, anaingia ndani.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia ni asubuhi moja ya baridi, mwaka huu. Ndeshi alinipa bakuli limefunikwa kwa sahani. "Mpelekee Mwalimu," alisema kutoka kitandani. "Usimwambie kitu. Mpe tu."

Nilivuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Niliweka bakuli mikononi mwake, akafunua. Ulikuwa mtori mzito wenye mafuta mengi na nyama ya mfupa, ule ambao kwetu haupikwi ovyo. Hupikiwa mwanamke aliyetoka kujifungua, na si kawaida kutoka nje ya chumba chake.

Alinusa. Akanusa tena. Hakuuliza. Alikula taratibu mpaka nusu, mkono wa kulia ukishika kijiko vizuri, kisha akapumzika. Nikaona kidevuni kwake kuna vinywele vyeupe, vichache, vimesimama huku na huku kama nyasi baada ya ukame.

"Ni nini?" aliuliza.

"Wa kike."

"Analia?"

"Usiku kucha, Mwalimu. Mama amehamia kulala jikoni."

Alisogea mbele kwenye kigoda. Macho yake yalikuwa yale ya kupima kidomo.

"Sauti gani?"

Nilifikiri namna ya kulisema kwa ukweli, kwa sababu yeye angejua. Wakati huo huo ng'ambo ya mfereji mtoto akaanza, na sauti ikapita kwenye migomba mpaka pale mlangoni, ikiwa chini na nene, kama mtu mzima anayekataa jambo.

Mwalimu wa Tarumbeta alitoa kidomo kwapani, akakitazama, akakiweka chini kando ya bakuli.

"Nzito," alisema. "Na hana kitu mdomoni."